Jina Lisilochapishwa: Bill Finger, Batman na Wapenzi wa Vibonzo vya Kale

Mhakiki wa fasihi andishi huianza kazi yake akiwa na imani kwamba jina lililochapishwa juu ya jalada ni la mtu aliyekiandika kitabu. Ni nadra imani hii kutiliwa shaka, na aghalabu hapana haja ya kuitilia, mpaka mhakiki anapokumbana na utanzu ambao jalada lake halisemi kweli. Vitabu vya vibonzo vya Marekani, hususan vile vya majagina vilivyotoka kati ya 1938 na miaka ya hamsini, ni utanzu wa namna hiyo. Kwa muda wa miaka ishirini na mitano, kila kisa cha Batman kilichochapishwa kilibeba jina moja tu, Bob Kane, hata pale ambapo Kane hakuandika neno wala hakuchora mstari. Waliokuja kuufichua ukweli huo hawakuwa maprofesa wa idara za fasihi. Walikuwa wapenzi, watu waliovisoma vibonzo hivyo utotoni, wakakataa kuviacha ukubwani. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kazi waliyoifanya wapenzi hao ilikuwa uhakiki kwa maana yake kamili, na kwamba haki ya mtu mmoja aliyedhulumiwa iliutegemea uhakiki huo.

Ni vyema kwanza kuutazama utanzu wenyewe. Kitabu cha kibonzo kama kinavyofahamika leo kilizuka Marekani katikati ya miaka ya thelathini, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Mwanzoni wachapishaji walikusanya vibonzo vilivyokwisha kutoka magazetini wakavichapisha upya kwa karatasi duni. Hazina hiyo ilipoanza kupungua, wakahitaji hadithi mpya, na kwa bei ya chini kabisa. Hapo ndipo vijana wawili wa Cleveland, Ohio, Jerry Siegel na Joe Shuster, wote wakiwa wamezaliwa 1914 katika familia za wahamiaji wa Kiyahudi, walipopata mlango. Mhusika wao, Superman, alikuwa amekataliwa kwingi kwa miaka kadhaa. Mwezi Machi 1938 waliziuza kurasa 13 za kisa chake cha kwanza pamoja na haki zote za kummiliki mhusika huyo. Malipo yalikuwa dola 130, yaani dola 10 kwa kila ukurasa. Toleo la kwanza la Action Comics, lenye tarehe ya Juni 1938, liliuzwa kwa senti 10.

Yapo mambo mawili katika muamala huo ambayo msomaji hana budi kuyakumbuka. La kwanza ni kwamba sheria ya biashara hii iliwekwa siku ile ile utanzu ulipozaliwa: mtunzi hulipwa kwa ukurasa, kisha hana chake. La pili ni kwamba angalau majina ya Siegel na Shuster yaliandikwa juu ya kazi yao. Hata hilo halikudumu. Walipoishtaki kampuni 1947 wakitaka kurudishiwa mhusika wao, walishindwa, na majina yao yakaondolewa. Yalirejeshwa kwa makubaliano ya 1975 tu, baada ya Siegel kupaza sauti hadharani na wachoraji wenzake kumuunga mkono. Wakati huo wote wawili walikuwa wamekwisha kupita umri wa miaka sitini.

Kisa cha Batman kinatofautiana na hicho kwa jambo moja zito. Siegel na Shuster walinyang'anywa jina walilokuwa nalo, ilhali Bill Finger hakupewa jina tangu mwanzo. Superman alipovuma, mhariri wa kampuni ile ile alitafuta jagina mwingine, na kijana mchoraji wa New York, Bob Kane, akaahidi kumleta. Kane alichora mtu mwenye mavazi mekundu, mabawa magumu yaliyosimama mgongoni, na kinyago kidogo cha kufunika macho. Kisha akamwita rafiki yake Finger, aliyekuwa akiuza viatu huku akitamani kuwa mwandishi. Kwa mujibu wa maelezo ya Finger mwenyewe, ambayo Kane aliyakubali baadaye, ni Finger aliyependekeza kofia yenye masikio ya popo, macho meupe yasiyo na mboni, joho lenye pindo la ncha ncha badala ya mabawa, glavu, na rangi ya giza. Ni Finger aliyembuni Bruce Wayne kwa kuunganisha jina la Robert the Bruce wa Uskochi na la Anthony Wayne, jenerali wa vita vya uhuru wa Marekani. Ni yeye pia aliyeupa mji wa jagina huyo jina la Gotham. Na ni yeye aliyeandika kisa cha kwanza, kilichotoka katika Detective Comics nambari 27, Mei 1939. Sahihi iliyochapishwa ilikuwa ya Kane peke yake.

Mtu atauliza: kwa nini Finger hakulalamika? Jibu limo katika mfumo wa kazi. Kampuni ilifanya mkataba na Kane, na Kane ndiye aliyemwajiri Finger. Machoni pa sheria, Finger alikuwa kibarua wa mtu aliyekuwa na mkataba. Mfumo huo haukukoma kwake. Jerry Robinson aliingia katika kazi hiyo 1939 akiwa na umri wa miaka 17, akitia wino na kuandika herufi. Sheldon Moldoff alimchorea Kane kwa siri tangu 1953 hadi 1967. Kila ukurasa ulipitia mikono mingi, ya mwenye kuandika mswada, mwenye kuchora kwa penseli, mwenye kutia wino, mwenye kuandika herufi, na mwenye kupanga rangi. Mikono hiyo yote ikatoka kiwandani ikiwa imekuwa mkono mmoja. Msomaji mtoto aliyeona jina la Bob Kane kila mwezi hakuwa na namna ya kujua kwamba anasoma kazi ya halaiki.

Kwa msomaji aliyelelewa katika mapokeo ya ushairi wa Kiswahili, jambo hili halikosi kushangaza. Watunzi wengi wa tendi walizoea kulitaja jina lao katika beti za mwisho, na mara nyingine tarehe na idadi ya beti pia, ili mnakili wa baadaye asije akaipoteza nasaba ya kazi. Mapokeo hayo yaliichukulia sanaa kuwa amana ya mtu anayejulikana, hata pale ambapo hakuna hatimiliki wala mahakama ya kuilinda. Kiwanda cha vibonzo kilikuwa na hatimiliki, mahakama na mawakili, na bado mtunzi alipotea humo. Ni dhahiri kwamba sheria ya kuimiliki kazi na desturi ya kumtambua mtunzi ni vitu viwili tofauti. Ya kwanza yaweza kustawi huku ya pili ikifa.

Upotevu wa jina ulizidishwa na upotevu wa karatasi zenyewe. Vibonzo vilichapishwa ili visomwe na kutupwa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili watoto wa Marekani walihimizwa kuyakusanya makaratasi ya zamani ili yasagwe na kutumika upya, na vibonzo vingi vikaishia huko. Vita vilipokwisha, hofu ya wazazi na walimu ikachukua nafasi. Mwaka 1948, katika miji kama Binghamton, New York, na Spencer, West Virginia, vibonzo vilikusanywa na kuchomwa moto hadharani. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham alichapisha Seduction of the Innocent, akidai kwamba vibonzo huwaharibu watoto. Kamati ndogo ya Seneti ikaketi kusikiliza mashahidi, na kabla ya mwaka kwisha wachapishaji wakajiwekea kanuni kali za kujidhibiti. Ilichukua zaidi ya nusu karne kwa ushahidi wa Wertham kupimwa barabara. Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, baada ya kuzipitia nyaraka za Wertham mwenyewe, alionyesha kwamba maelezo ya vijana waliohojiwa yalikuwa yamebadilishwa na kutiwa chumvi. Katika mazingira ya namna hiyo, mwanachuo ambaye angetaka kuuliza nani aliyekiandika kisa fulani cha Batman angechekwa na wenzake. Kazi ikabaki kwa wasioogopa kuchekwa.

Mmoja wao alikuwa Jerry Bails, mhadhiri wa masomo ya sayansi katika Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit. Utotoni alikuwa amevipenda visa vya Justice Society, chama cha majagina kilichoanzishwa katika All Star Comics katika majira ya baridi ya 1940. Alipokuwa mtu mzima alimtafuta mwandishi wa visa hivyo, Gardner Fox, na kuandikiana naye. Machi 1961, akishirikiana na kijana wa Missouri, Roy Thomas, alitoa toleo la kwanza la Alter Ego, jarida la wapenzi lililorudufiwa kwa mashine ndogo. Wakati huo huo mhariri Julius Schwartz alianza kuzichapisha anwani kamili za wasomaji katika safu za barua. Jambo hilo dogo lilikuwa na matokeo makubwa. Wasomaji waliokuwa wametawanyika kote nchini, kila mmoja akidhani yu peke yake, wakaanza kuandikiana, kubadilishana nakala, na kulinganisha walichokijua.

Kilichofuata kinastahili kuangaliwa kwa makini na kila mtu anayefundisha mbinu za utafiti wa fasihi. Bails na wenzake walijiuliza maswali ambayo mhakiki wa matini kongwe hujiuliza. Nakala zipi zimesalia? Kisa hiki kilitoka lini? Mkono huu wa mchoro ni wa nani? Kwa kuwa sahihi zilikuwa za uongo, walilazimika kutegemea mtindo. Mchoraji mmoja huchora kidevu hivi, mwingine hutia kivuli vile. Mwandishi mmoja hupenda mapigano yanayotokea juu ya taipureta kubwa kama nyumba na senti kubwa kama gurudumu la gari moshi. Mwandishi huyo alikuwa Finger, ambaye aliweka daftari la mambo ya ajabu aliyoyaokota kila mahali, na aliyezoea kuambatisha picha zilizokatwa magazetini kwenye miswada yake ili kumwongoza mchoraji. Pale mtindo uliposhindwa kutoa jibu, wapenzi waliwaandikia barua wazee wa kazi na kuwauliza. Matunda ya juhudi hizo yalionekana katika Who's Who of American Comic Books, kamusi ya watunzi iliyohaririwa na Bails pamoja na Hames Ware, na kutolewa kwa juzuu nne kati ya 1973 na 1976.

Kisa cha Finger kilifika hadharani 1965. Mwanzoni mwa mwaka huo Schwartz alimtaja katika safu ya barua kuwa mwandishi wa visa vingi bora vya Batman. Majira ya kiangazi wapenzi walifanya kongamano New York, na Finger akaketi mbele yao kujibu maswali. Septemba, Bails akasambaza makala mafupi yaliyoeleza mchango wa Finger katika kumuumba Batman. Kane alighadhibika. Aliandika waraka wa wazi kwa wapenzi akidai kuwa yeye ndiye mwasisi wa pekee, na kwamba kumbukumbu za Finger zilikuwa zimevurugika. Waraka huo ulichapishwa 1967 katika Batmania, jarida la wapenzi wa Batman.

Kuna kinaya hapa ambacho msomaji wa nadharia hawezi kukipita bila kukitazama. Mwaka huo huo, 1967, makala ya Roland Barthes kuhusu kifo cha mwandishi yalitokea kwa mara ya kwanza, tena katika jarida la Marekani. Hoja yake kwamba maana ya matini haifungwi na nia ya mtunzi imewafaa wahakiki wengi, na hapana haja ya kuikana. Hata hivyo, ni hoja iliyowahusu waandishi ambao majina yao yalikuwa yametawala jukwaa kwa muda mrefu. Mwandishi ambaye hajawahi kuruhusiwa kuzaliwa juu ya jalada hawezi kuuawa na nadharia. Wakati vyuo vikuu vilipokuwa vikijiandaa kumzika mwandishi, wapenzi wa vibonzo walikuwa wakimtafuta mmoja aliye hai, anayeishi New York kwa malipo ya kurasa, ili wampe jina lake kabla hajafa. Hawakufaulu kwa wakati. Finger alifariki Januari 1974 akiwa na umri wa miaka 59, na hadi siku hiyo hakuna toleo la Batman lililokuwa limemwandika kuwa mmoja wa waasisi wake.

Isidhaniwe kwamba uhakiki wa wapenzi ulikuwa utetezi mtupu. Ubora wake ulijitokeza hasa pale ulipomgeukia hata Finger mwenyewe. Mwaka 2007 watafiti Anthony Tollin na Will Murray, wapenzi wa riwaya za bei nafuu za miaka ya thelathini, walionyesha kwamba kisa kile cha kwanza cha Batman kilitokana kwa karibu sana na "Partners of Peril", riwaya ya mhusika The Shadow iliyoandikwa na Theodore Tinsley na kuchapishwa 1936. Aliyenyimwa jina alikuwa amechukua kazi ya mwingine bila kumtaja. Shabiki kipofu angelificha jambo hilo. Hawa waliliweka wazi, na kwa kufanya hivyo walithibitisha kwamba shabaha yao ni ukweli wa matini, hata ukiwa mchungu. Aidha, walimsaidia msomaji kuelewa namna utanzu huu ulivyofanya kazi: kila mtu aliazima, kila mtu aliharakisha, na mwezi uliofuata kurasa nyingine zilisubiri.

Hata hivyo, mapenzi ya vitu vya kale yana hatari zake. Mapenzi yale yale yaliyookoa nakala kutoka katika jaa la taka yamezigeuza kuwa mali ya matajiri. Nakala ya toleo la kwanza la Action Comics iliuzwa mnadani 2024 kwa dola milioni 6, bei ambayo Siegel na Shuster, waliopokea dola 130, wasingeweza kuiota. Tangu mwaka 2000 imekuwa desturi nakala za thamani kukaguliwa, kupewa alama, kisha kufungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki. Kitabu kilichofungwa hivyo hakisomwi tena. Thamani yake yote imo katika kutofunguliwa. Mtu anayekiangalia haoni zaidi ya jalada, na jalada, kama ilivyokwisha kuelezwa, ndiyo sehemu isiyoaminika kuliko zote. Bails na kizazi chake walizifungua kurasa. Ndiyo maana wakagundua kitu.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Methali hii inamhusu Finger waziwazi, lakini haki inadai itumike kwa Kane pia. Kane ndiye aliyeleta wazo la mtu-popo, ndiye aliyeuchukua uchoro kwa mhariri, ndiye aliyejua kuulinda mkataba wake wakati ambapo watunzi wengi walitia sahihi bila kusoma. Mtoto huyo wa familia ya Kiyahudi, aliyezaliwa akiitwa Robert Kahn, alifahamu mapema kuliko wenzake kwamba katika biashara ile jina ni mtaji. Kosa lake ni kudhani kwamba mtaji huo ungepungua kama angeugawa. Katika kumbukumbu za maisha yake, zilizochapishwa 1989, alikiri kwamba Finger hakupata sifa aliyoistahili. Akaeleza kwamba yeye hakuwahi kufikiria kumpa jina, na Finger hakuwahi kuliomba. Ungamo hilo lilikuja miaka 15 baada ya Finger kufariki, nalo halikubadilisha chochote juu ya majalada.

Yaliyobaki yalimaliziwa na kizazi kingine cha wapenzi. Mwandishi Marc Tyler Nobleman, alipokuwa akitafiti maisha ya Finger kwa ajili ya kitabu cha watoto kilichotoka 2012, aligundua kwamba Finger alikuwa na mjukuu aliye hai. Mrithi akiwapo, suala likatoka katika safu za barua likaingia katika ofisi za mawakili. Septemba 2015 kampuni ilitangaza kwamba imekubali kumtaja Finger, na tangu hapo jina lake huonekana katika vitabu, filamu na vipindi vya Batman. Desemba 2017 kipande cha mtaa huko Bronx kilipewa jina lake, karibu na bustani ya Edgar Allan Poe ambamo yeye na Kane walikuwa wakiketi na kupanga visa vyao.

Hapa mhakiki hana budi kusoma kwa makini hadi neno la mwisho. Kiingereza kina kiunganishi kinachowaweka watu wawili sawa, na kina kihusishi kinachomtaja wa pili kama mwandani wa wa kwanza. Tamko rasmi la leo linasema kwamba Batman aliumbwa na Bob Kane, kisha linamwongeza Bill Finger kwa kihusishi hicho cha pili. Mkataba wa 1939 bado unasikika ndani ya silabi moja. Kiswahili kingetumia "na" kwa wote wawili, na msomaji asingeona tofauti. Mpenzi wa vibonzo aliyezowea kuchunguza kidevu, kivuli na herufi anaiona mara moja, wala haoni kuwa kazi imekwisha.

Funzo analoweza kulipata mwanafunzi wa fasihi kutokana na haya si kwamba aache Shakespeare au Shaaban Robert akasome Batman. Ni kwamba uhakiki hauanzii kwenye nadharia. Unaanzia kwa msomaji anayeipenda kazi kiasi cha kutaka kujua ilitoka wapi, na anayemheshimu mtunzi kiasi cha kutoridhika na jina alilokuta limechapishwa. Vitabu vingi vya fasihi pendwa, magazeti ya zamani na michezo ya redio, katika kila lugha, vina akina Finger wao. Wengine bado wangali hai, na wanaweza kuulizwa.